Moshi wa Motokaa Niliyoiacha

Mtu anapoacha kitu cha zamani akashika kipya, aghalabu husifiwa kwa kile alichokishika, wala haulizwi juu ya kile alichokiacha. Akihama nyumba ya udongo akaingia ya mawe, wageni huja kuitazama ya mawe. Akitupa viatu vilivyotoboka akavaa vipya, macho ya watu huwa miguuni pake, si jalalani. Desturi hii haina ubaya mkubwa katika mambo ya nyumba na viatu. Lakini kuna vitu ambavyo kazi yake haikomi siku vinapotoka mikononi mwetu, na motokaa ni kimojawapo. Motokaa iliyouzwa haifi. Hubadili dereva tu. Hunywa petroli yake ile ile na kutoa moshi wake ule ule, katika njia nyingine, mbele ya pua za watu wengine.

Nataka kuzungumza nanyi, vijana, juu ya jambo hili, kwa sababu wengi wenu mtakuja kumiliki motokaa, na kwa sababu mimi mwenyewe nimelipitia. Sitajifanya hakimu. Katika kesi hii nilikuwa mshtakiwa.

Mwaka 2015 nilinunua Toyota Corolla iliyotengenezwa mwaka 1998, kwa mwalimu mwenzangu aliyekuwa akistaafu. Ilinitumikia kwa uaminifu. Ilinipeleka darasani, ilimpeleka mama hospitali, ilibeba mahindi, madaftari, na siku moja mbuzi ambaye hakupenda safari kabisa. Lakini chuma nacho huzeeka. Katika miaka ya mwisho ringi za pistoni zilikuwa zimelika, na oili ikawa inapenya na kuungua pamoja na petroli. Kila asubuhi nilipoitia moto ilitoa wingu la moshi wa samawati lililowafanya wanafunzi waliokuwa wakienda kunawa wazibe pua. Kila lita moja ilinipeleka kilomita kumi, wala si zaidi. Na petroli yenyewe ilikuwa si kitu cha kuchezea: Oktoba 2023 bei yake mjini Nairobi ilipita shilingi 217 kwa lita.

Wakati huo watu walikuwa wakiisifu motokaa ya haibridi. Nitaeleza kwa ufupi ni kitu gani. Ni motokaa yenye injini ya petroli na, pamoja nayo, mota ya umeme na betri kubwa. Haichomekwi katika umeme wa nyumbani, hujichajia yenyewe. Dereva wa motokaa ya kawaida akanyagapo breki, nguvu ya mwendo hugeuka joto katika magurudumu na kupotea bure. Katika haibridi, sehemu ya nguvu hiyo hugeuzwa umeme na kuwekwa katika betri, kisha hutumiwa motokaa inapoondoka tena. Aliyeteremka na motokaa hiyo katika mteremko wa Mai Mahiu ameona kipimo cha betri kikijaa kama ndoo chini ya mfereji. Katika msongamano wa Nairobi, ambako motokaa husimama na kwenda na kusimama tena, injini huzimika na kuacha umeme ufanye kazi. Katika barabara ndefu iliyonyooka faida yake hupungua, lakini kwa jumla ni motokaa yenye kuweka akiba. Toyota walianza kuuza Prius nchini Japani Desemba 1997, na tangu hapo aina nyingi zimefuata.

Nilipiga hesabu yangu. Kwa mwaka mmoja nilikuwa nikienda kilomita 12,000. Kwa Corolla hizo ni lita 1,200. Kwa haibridi inayokwenda kilomita ishirini kwa lita, ni lita 600. Tuchukue bei ya shilingi 180 kwa urahisi wa hesabu: akiba ni shilingi 108,000 kwa mwaka. Na mfukoni siko peke yake palipoguswa. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa kama kilo 2.3 za hewa ya kaboni. Msishangae kwamba lita moja, ambayo haifiki hata kilo moja kwa uzito, huzaa kilo mbili na zaidi. Kaboni ya petroli huungana na oksijeni ya angani, na oksijeni hiyo ina uzito wake. Basi lita 600 nilizotaka kuziokoa ni sawa na kilo 1,380 za hewa hiyo inayoongeza joto la dunia. Niliona nafsi yangu ikipanda cheo. Nilikuwa karibu kuwa mtu mwema, na tena kwa faida.

Jumamosi moja nilikwenda katika yadi ya motokaa. Masharti yalikuwa rahisi: niiache Corolla pale, ihesabiwe shilingi 250,000, nami niongeze fedha kutoka chama chetu cha ushirika cha akiba na mikopo, niondoke na haibridi. Kijana wa yadi alifungua boneti, akasikiliza injini, akautazama moshi, akatabasamu. Nikamwuliza kama moshi ule hautamharibia biashara. "Hilo si tatizo, mwalimu," akaniambia. "Tutatia oili nzito, moshi utajificha wiki mbili tatu. Halafu hii itauzwa mbali."

Nakiri kwamba maneno hayo hayakunishtua wakati ule. Niliyasikia kama mtu asikiavyo habari za mvua ya nchi nyingine. Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha, na Jumatatu, katika somo la hisabati, niliwaandikia wanafunzi wangu wa ualimu hesabu yote ubaoni: lita 1,200 upande wa kushoto, lita 600 upande wa kulia. Kisha nikachukua kifutio nikazifuta za kushoto, ili zibaki za haibridi peke yake. Msichana mmoja wa mwaka wa pili, ambaye hana desturi ya kusema sana, aliinua mkono. "Mwalimu," akasema, "hizo lita 1,200 umezifuta ubaoni. Barabarani atazifuta nani?"

Nilimjibu kwamba swali hilo lilikuwa nje ya somo. Ni jibu ambalo sisi walimu hulikimbilia tunaposhikwa.

Usiku ule sikuweza kulikimbia. Ikiwa Corolla itauzwa mbali, basi kuna mtu mbali. Pengine ni mtu aliyekuwa akipanda matatu hadi kazini, naye sasa atakuwa na motokaa ya kwenda kilomita 6,000 kwa mwaka kwa lita 600. Jumlisha lita zake na zangu: 600 na 600 ni 1,200. Hewa haikupata faida hata ya kijiko. Mimi nimepata akiba na sifa, yeye amepata gharama na moshi, na hesabu ya dunia imebaki palepale ilipokuwa.

Hapo ndipo nilipokumbuka jambo ambalo lilinichoma zaidi. Motokaa ile haikuzaliwa kwetu. Ilitengenezwa na kutembea Japani kabla ya kupakiwa melini na kushushwa Mombasa. Huko Japani motokaa hukaguliwa kwa sheria kila baada ya miaka miwili, baada ya miaka mitatu ya kwanza, na ukaguzi huo ni wa gharama. Wengi huona ni afadhali kubadilisha mapema. Basi alikuwako mtu, simjui, aliyeiacha Corolla ile akachukua nyingine iliyo mpya na safi, na pengine majirani walimsifu. Yeye pia aliambiwa, au alijua bila kuambiwa, kwamba itauzwa mbali. Mbali ile ilikuwa ni Kenya. Mbali ile ilikuwa ni mimi, na mama yangu aliyekaa kiti cha nyuma.

Wala hili si jambo la motokaa moja. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, ambalo makao yake makuu yako hapa Nairobi, lilitoa taarifa mwaka 2020 kuonyesha kwamba kati ya mwaka 2015 na 2018 motokaa ndogo kuukuu milioni 14 zilisafirishwa kutoka Ulaya, Japani na Marekani kwenda nchi nyingine, na Afrika ndiyo iliyopokea nyingi zaidi. Kenya imejiwekea kinga kidogo: motokaa yenye umri wa zaidi ya miaka minane hairuhusiwi kuingizwa nchini. Ni sheria nzuri. Lakini motokaa iliyoingia ikiwa na miaka saba huishi kwetu ishirini mingine, na ndani ya mipaka yetu pia pana karibu na mbali. Inapochoka Nairobi huenda mji mdogo. Inapochoka mji mdogo huenda njia za vumbi. Moshi huteremka daraja kwa daraja, na watu wa daraja la chini hawana mahali pa kuuteremshia.

Sitaki mdhani kwamba upande wa pili hauna hoja. Iko moja dhaifu na moja yenye nguvu. Ile dhaifu ni ya kusema, nisipouza mimi atauza mwingine; kwa hoja hiyo hakuna ubaya duniani usioweza kuhalalishwa, nami sitapoteza wino juu yake. Ile yenye nguvu ni ya kusema kwamba mtu wa kipato kidogo naye ana haki ya kupanda motokaa, na kwamba motokaa kuukuu ndiyo njia yake. Mwalimu kijana, muuguzi, mwenye duka la kijijini, hawa hawawezi kununua mpya. Je, mimi niliyekuwa mmoja wao mwaka 2015, nina uso gani wa kuwafungia mlango ule ule nilioingilia?

Wamarekani waliwahi kuufunga mlango huo kwa nguvu. Mwaka 2009, wakati wa shida kubwa ya uchumi, serikali yao ilitenga dola bilioni 3 ili kila mwenye motokaa kuukuu inayokula mafuta aisalimishe, apewe dola 3,500 au 4,500 za kununulia nyingine yenye kuweka akiba. Na ili ile kuukuu isije ikarudi barabarani kwa jina la mtu mwingine, sheria iliamuru injini iuawe. Oili ilimwagwa, dawa iitwayo sodiamu silikati ikatiwa mahali pake, na injini ikazungushwa hadi ikaganda. Zaidi ya motokaa 670,000 ziliuawa hivyo katika muda wa wiki chache. Hapo hakuna mtu awezaye kuuliza lita za zamani amezifuta nani, zilifutwa kweli. Hata hivyo wengi walinung'unika, na sidhani walikosea kunung'unika. Katika zile zilizouawa zilikuwamo nyingi zilizokuwa bado na uhai wa kumsaidia mtu maskini, na wachumi waliochunguza baadaye waliona kwamba wanunuzi wengi wangenunua tu hata bila fedha hizo, ila miezi michache mbele. Tena kutengeneza motokaa mpya si bure kwa dunia: chuma, kioo, mpira na betri yake hutoa tani kadhaa za hewa ya kaboni kabla gurudumu halijazunguka hata mara moja.

Basi niliona kwamba kuiua Corolla si wema ulio wazi, na kuiuza gizani si wema hata kidogo. Wajibu wa muuzaji unafika wapi? Mtu aliyeuza panga hahesabiwi kila jeraha litakalofanywa na panga hilo. Angehesabiwa hivyo, pasingekuwa na soko. Lakini aliyeuza panga lenye mpini uliolegea, naye akaufunga kwa kitambaa na gundi ili ulegevu usionekane, huyo mkono wake umo katika jeraha la kwanza. Oili nzito ndiyo kitambaa na gundi. Na tazameni ubaya wake ulivyo: kijana yule wa yadi hakukusudia kumpa maskini motokaa rahisi. Alikusudia kumpa motokaa mbovu kwa bei ya nzima. Haki ya maskini ya kununua kitu kuukuu haikumnyang'anya haki ya kujua anachonunua. Kwa kweli yeye ndiye aihitajiye zaidi, kwa maana tajiri akidanganywa hununua nyingine.

Kwa hiyo nilijiwekea mpaka, nao ni huu. Siwezi kuifuata Corolla kwa kila mtu atakayeishika mpaka siku itakapokatwa chuma. Lakini naweza kujua inatoka mikononi mwangu katika hali gani, kwa mtu gani, kwa maneno gani. Hapo ndipo mkono wangu unapofika, na mahali mkono unapofika ndipo ninapoweza kudaiwa.

Niliipeleka kwa fundi wa gereji ninayemwamini. Akaifungua injini, akabadilisha ringi na sili, moshi ukakoma, na motokaa ikawa inakwenda kilomita kumi na mbili kwa lita. Nililipa shilingi 48,000. Fundi akifuta mikono yake aliniuliza swali ambalo sikulitazamia: "Sasa mwalimu, imepona. Kwa nini usikae nayo?" Nilifikiri nimjibu kwa hesabu, lakini hesabu ilikuwa upande wake, kutoka lita 1,200 ilinishusha hadi 1,000 bila mkopo wowote. Jibu la kweli lilikuwa kwamba nilitaka haibridi. Nilikuwa nimekwisha kujiona ndani yake. Ninyi mtakaosoma habari hii msinifanye mwema kuliko nilivyo: sehemu kubwa ya sababu zetu nzuri huja baada ya kutaka, zikiwa zimevaa nguo za kutangulia.

Na iko hatari nyingine ndani ya kuweka akiba kwenyewe. Mwaka 1865 Mwingereza William Stanley Jevons aliandika kitabu juu ya makaa ya mawe. Alionyesha kwamba mashine za mvuke zilipoboreshwa zikatumia makaa machache kwa kazi ile ile, Uingereza haikutumia makaa machache. Ilitumia mengi zaidi, kwa kuwa mashine zilikuwa rahisi kutumia na kila mtu akazitaka. Nilikuwa nikilifundisha jambo hili kama habari ya Waingereza wa kale. Katika mwezi wa kwanza wa haibridi niliendesha kwenda sokoni mara tisa. Soko liko mwendo wa dakika kumi na tano kwa miguu, na wakati wa Corolla nilikuwa nikitembea. Sasa nimerudi kutembea, isipokuwa siku za viazi.

Nimekwisha kutaja haibridi kana kwamba naimiliki, na ndivyo ilivyo. Lakini nimeruka jambo la mnunuzi. Katika mtaa wetu yuko mzee mmoja, bwana shamba mstaafu, aliyekuwa akiendesha Peugeot 504 ambayo huwezi kuificha ikiwa njiani: husikika kabla ya kuonekana na hunukia baada ya kupita. Kila lita iliipeleka kilomita saba. Nilimwendea jioni nikamweleza kwamba nauza Corolla. Nilimwambia kila kitu, yaani ringi zilizobadilishwa, kutu iliyo chini ya mlango wa nyuma, gia ya tatu inayokwama asubuhi za baridi, na kilomita zake, ambazo ni nyingi. Alisikiliza mpaka mwisho. "Mwanangu," akasema, "unauza au unanikataza?"

Alinipa shilingi 210,000. Ukitoa gharama ya gereji, nilipata shilingi 162,000, yaani 88,000 pungufu ya zile za yadi. Siku niliporejesha kiasi cha kwanza cha mkopo, pengo hilo niliona ni kubwa sana, na mke wangu aliliona kubwa zaidi. Lakini nilirudi darasani na hesabu mpya. Mzee huyu huenda kilomita 6,000 kwa mwaka. Kwa Peugeot hizo ni kama lita 857, kwa Corolla iliyotengenezwa ni 500. Mimi nimeshuka kutoka 1,200 hadi 600. Wawili sisi tulikuwa tukichoma lita 2,057, sasa 1,100. Safari hii sikufuta kitu ubaoni. Niliziacha zote zionekane. Msichana yule alizitazama kwa muda, kisha akauliza Peugeot imekwenda wapi.

Nilimwambia kwamba mzee ameahidi kuwauzia watu wa chuma chakavu. Ni kweli aliahidi. Lakini alioa akiwa na motokaa ile, na watoto wake wote walipelekwa shule kwa motokaa ile. Hadi leo iko chini ya mparachichi uani kwake, kuku wanalala juu ya boneti, nami kila nipitapo huitazama. Jumamosi iliyopita, kabla ya mapambazuko, niliisikia ikiwaka.